Mashine ya Pinboli kwa Ajili ya Idi: Ije au Isije?

SEHEMU YA 1: SUALA LENYEWE

 

Nilipoandika kuhusu homa na dawa za kupunguza homa, nilipata ujumbe wa dada mmoja wa hapa Unguja ambao haukuhusu homa hata kidogo. Mumewe yuko Muscat kikazi. Anakuja Idi inshaallah, na amenuia kuwaletea watoto mashine ya pinboli, ile ndogo ya kuweka juu ya meza. Ameiona dukani, ameambiwa hii ndiyo ya kuanzia, bei yake nafuu, kila nyumba inaweza. Dada ananiuliza: "Nesi, hichi kitu kina faida kwa watoto au tunajitafutia balaa? Nimwambie alete, au alete mablangeti kama kawaida?"

Nilicheka, halafu nikakaa nikafikiri, maana suala hilo hilo lilikwishaingia nyumbani kwangu. Kaka yangu yuko Dubai, na mwezi uliopita alinitumia picha ya mashine kama hiyo na alama ya kuuliza. Tena baada ya huyo dada wakaja wengine wawili. Kwa hiyo nikaona tulizungumze kwa utulivu, sehemu baada ya sehemu kama kawaida yetu. Leo si dawa tupu, lakini mwisho wake utaona bado ni kazi yangu.

Kwanza kwa wasioijua. Pinboli ni sanduku lenye ubao uliolala kwa mteremko, na juu yake kioo. Ndani mna gololi ya chuma. Unavuta mpini wenye springi, unauachia, gololi inapanda juu kisha inashuka ikigongagonga vigingi, taa zinawaka, kengele zinalia, pointi zinapanda. Chini kuna vibawa viwili, unavipiga kwa vidole kuirudisha gololi juu isizame shimoni. Ikizama, zamu imekwisha.

Sasa msiseme ni kitu cha ajabu. Waliokulia mitaani kwetu wanakumbuka watoto wa kiume waliokuwa wakipigilia misumari kwenye kipande cha ubao, wakafunga mpira, wakaegemeza kwenye jiwe, wakarusha gololi. Ukiingia msumari huu kumi, ule ishirini. Ndiyo pinboli hiyo hiyo, imekosa umeme tu. Na hiyo mashine yenyewe ilianza hivyo: Wafaransa wa karne ya 18 walikuwa na mchezo wa meza wa vigingi na vishimo, na springi ya kurushia ilipata hataza Marekani mwaka 1871. Mwaka 1931 ikatoka mashine iliyoitwa Baffle Ball, ikiuzwa dola 17.50 tu, wakati ambao watu huko hawana kazi na hawana hela. Ilienea kwa sababu ilikuwa rahisi. Vibawa vilikuja baadaye, mwaka 1947.

Kwa hiyo hamu ya mtoto kwa gololi inayogonga vitu si ujinga wala si uzungu. Mtoto yeyote ataipenda. Suala letu ni jengine: je, inafaa kwa familia? Na familia ni wewe, yeye, mdogo wake anayetambaa, baba yao na bibi yao.

SEHEMU YA 2: "BEI NAFUU" NI NAFUU KWA NANI?

Haya, tuanze na hela, maana ndipo ndoa nyingi zinapoanzia mazungumzo.

Huko Marekani zinakotengenezwa zile pinboli kubwa, wanapozungumza mashine ya bei nafuu ya nyumbani, wana maana yao. Kampuni ya Stern ilitoa mwaka 2019 pinboli ya Star Wars kwa ajili ya majumbani, na bei yake ilikuwa kama dola 4,500. Hiyo ndiyo ya kuanzia! Kwa hela yetu inapita shilingi milioni 10. Mimi na mume wangu tulipoisoma bei hiyo tulitazamana tukacheka mpaka mtoto akaamka. Kwa milioni kumi mtu anapandisha msingi wa nyumba huko Fuoni au Bububu.

Na si hela tu. Pinboli kamili za kazi zina uzito unaopita kilo 100. Sisi tunakaa darini, Mji Mkongwe. Waliowahi kuhamisha kabati au friji kwenye ngazi zetu wanajua ninasema nini. Ngazi nyembamba, mwinuko mkali, kona bila nafasi, na wapagazi wanakupigia mahesabu kwa kila kipandio. Halafu kuta za mawe na chokaa zinavuta unyevu, na hewa ya bahari ina chumvi. Kila mwenye feni ya chuma anajua kutu inavyokwenda mbio hapa.

Umeme nao. Mashine nyingi kuukuu za Marekani ni za volti 110 au 120, wetu ni 230. Usipokuwa na mashine ya kupunguza umeme, umenunua moshi. Na sisi Waunguja hatuna haja ya kukumbushwa maisha bila umeme: kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu kisiwa kizima kilikaa kiza. Watu wakasoma kwa kandili, wakapika mapema, wakakaa barazani. Michezo iliyoendelea miezi ile ni ile isiyokuwa na waya: bao, keram, dhumna na karata.

Lakini tuwe waadilifu. Dada yetu hakuuliza hiyo ya milioni kumi. Ameuliza ile ndogo ya mezani, ya plastiki au mbao nyepesi, inayotumia betri. Kaka yangu aliniambia ya kwake ni kama laki moja na nusu ukiigeuza kwa shilingi. Hiyo inabebeka, inapanda ngazi chini ya kwapa, haiogopi tukuza kuisha saa tatu usiku.

Nikamuuliza kaka maswali matatu, na nyinyi muulizeni kila anayewaletea mashine yoyote. Springi ikikatika, nani ataitengeneza? Kibawa kikivunjika, kinauzwa peke yake? Betri zake ni za aina gani na zinafunikwaje? Kaka hakuwa na jibu la masuala mawili ya mwanzo. La tatu nitalirudia, maana ndilo lililonifanya nivae joho la kazi.

SEHEMU YA 3: KWANI TUNATAFUTA NINI HASA?

Niliwauliza akina mama wanne kazini, wakati wa chai, kwa nini wangependa mashine ya mchezo nyumbani. Hakuna hata mmoja aliyenitajia mchezo wenyewe.

Wa kwanza alisema: "Nataka nimjue yuko wapi." Mwanawe wa miaka kumi na mbili akitoka chuoni haji nyumbani, anapitia kibanda cha gemu. Wa pili akasema hela ya skuli inaishia huko huko. Anampa ya chai na ya daladala, mtoto anashinda na njaa na anarudi kwa miguu, zote kazicheza. Wa tatu amechoka na simu: mtoto anaiomba, akinyimwa analia, akipewa hatoki tena. Wa nne alikaa kimya kidogo, halafu akasema: "Mimi nataka baba yao akae nyumbani baada ya Isha. Basi."

Mama zangu, hayo ndiyo yanayouza hizi mashine. Muuzaji anakuonesha taa na kengele, wewe unanunua mtoto awe machoni pako, hela ibaki mfukoni, simu ipumzike, baba akae.

Na hofu ya hela ya skuli si yetu peke yetu. Mwaka 1942 mji wa New York ulipiga marufuku pinboli. Meya wao, La Guardia, alilalamika kuwa mashine zile zinawanyang'anya watoto wa skuli sarafu za chakula cha mchana. Polisi wakazikusanya, nyengine zikavunjwa kwa nyundo mbele ya wapiga picha. Marufuku ile ilidumu mpaka 1976, pale kijana mmoja, Roger Sharpe, alipoletwa mbele ya baraza la mji kuonesha kuwa huu ni mchezo wa ustadi. Alisema gololi itapita njia ya katikati, akavuta mpini, ikapita pale pale. Marufuku ikaondolewa.

Nimelitaja hili kwa sababu mama mmoja aliniuliza: "Nesi, hii si kamari?" Kuhusu hukumu, muulizeni sheikh wenu, mimi ni nesi. Ninachoweza kusema ni kuwa mashine ya nyumbani haina tundu la sarafu wala haitoi hela. Si sawa na zile mashine za dubwi za bara, unazotumbukiza sarafu ukitarajia kurudishiwa nyingi, ambazo kwa sheria ya michezo ya kubahatisha ya mwaka 2003 hazimhusu mtu wa chini ya miaka 18. Pinboli unacheza pointi tu, na ukishainunua imekwisha kukudai. Kwa upande huo, mama anayepoteza mia tano mia tano kila siku kwenye kibanda cha gemu ana haki kabisa ya kuivutiwa. Laki moja na nusu ni mia tano mara mia tatu. Mtoto mwenye mkono mwepesi anazimaliza hizo kabla mwaka kwisha.

Upande wa afya pia una lake. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwa watoto wa chini ya miaka mitano: wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku, na kila kikipungua ni bora. Wa mwaka mmoja mpaka minne wanahitaji mchezo wa mwili wa dakika 180 kutwa nzima, na wakubwa wa miaka mitano kwenda juu angalau dakika 60 kila siku za kujitoa jasho. Pinboli si skrini, hilo ni jema. Lakini pia si mbio. Mtoto anasimama pale pale, vidole ndivyo vinavyofanya kazi. Kwa hiyo usiihesabu badala ya kukimbia Forodhani, au kuruka kamba uwani, au mpira wa jioni. Kama itaingia, iingie kwenye ile saa ya baada ya Magharibi, ambayo sasa hivi simu ndiyo inayoila.

Tena kuna jambo moja la maumbile yake. Pinboli inachezwa na mtu mmoja kwa wakati. Wengine wanasubiri. Nyumba yenye mtoto mmoja haina tabu. Nyumba zetu sisi, zenye watano na wana wa jirani watatu, mashine moja ina maana mmoja anacheza na saba wanasukumana. Mkubwa ataishika, mdogo atalia, na mama utakuwa refarii mpaka saa ya kulala.

SEHEMU YA 4: HAPA NDIPO NESI ANAPOZUNGUMZA

Hii sehemu someni polepole, na muwatumie wengine hata kama habari ya mashine haiwahusu.

Gololi ya pinboli kubwa ina upana wa milimita 27. Za mashine za mezani ni ndogo zaidi, nyingine kama punje ya kunazi. Mtoto wa chini ya miaka mitatu kila kitu anakipeleka mdomoni, na njia yake ya hewa ni nyembamba. Kitu cha mviringo ndicho kibaya kuliko vyote, kwa sababu kinaziba pande zote, hakiachi hata mwanya. Marekani sheria inakataza kuuza vitu vya kuchezea vya watoto hao vyenye mpira wa upana wa chini ya milimita 44. Kipimo cha nyumbani: kitu chochote kinachopita ndani ya kigogo cha tishu za chooni, kisifikiwe na mtoto wa miaka hiyo.

Mtoto akikabwa na bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe, kaa naye. Akishindwa kukohoa, kulia au kusema, usimtie kidole kooni kutafuta, utakisukuma ndani zaidi. Piga kelele watu waje, na fanya hivi:

Chini ya mwaka mmoja: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kiwe chini kuliko kifua, mpige mara 5 katikati ya mabega kwa sehemu ya chini ya kiganja. Hakijatoka? Mgeuze chali, mkandamize katikati ya kifua mara 5. Rudia.

Zaidi ya mwaka mmoja: muinamishe mbele, mpige mara 5 katikati ya mabega. Hakijatoka? Simama nyuma yake, mkumbatie, ngumi moja juu ya kitovu chini ya mbavu, vuta ndani na juu mara 5. Rudia. Akilegea na kuzimia, mlaze chini, anza kumkandamiza kifua na kumpa pumzi, huku mtu anatafuta gari.

Sasa betri. Hili ndilo lile suala la tatu nililomuuliza kaka. Mashine nyingi za mezani zinatumia betri za kawaida za tochi, hizo tabu yake ndogo. Lakini vitu vingi vya kuchezea vyenye taa na sauti vina zile betri bapa za duara kama sarafu, kama za saa na za rimoti ndogo. Mama, hiyo si kitu cha kusubiri kitoke chooni. Ikinasa kwenye koo la chakula, inatengeneza umeme na maji ya mwili na kuunguza nyama. Ndani ya saa 2 tu inaweza kuwa imeshaharibu. Kubwa zake, za milimita 20 hivi, ndizo zinazonasa zaidi.

Mtoto anaweza asioneshe kitu. Mwengine anatoka ute mwingi, anakataa kula, anakohoa, anatapika, anashika kifua. Ukishuku tu kuwa ameimeza, nenda hospitali saa ile ile, sema neno "betri" mlangoni, apigwe picha. Usimtapishe. Usimpe chakula wala kinywaji. Kitu kimoja kinaruhusiwa: kama amepita mwaka mmoja, anameza vizuri, na hazijapita saa 12, mpe asali vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika 10 mkiwa njiani, isizidi mara sita. Asali inapunguza kuungua, haitibu, na isikucheleweshe kwenda hospitali. Asiyetimiza mwaka mmoja haruhusiwi asali kabisa.

Kwa hiyo mashine yoyote ikija, ya Dubai, ya Muscat au ya Darajani, kabla ya kumpa mtoto igeuze chini. Kifuniko cha betri kifungwe kwa skrubu. Kinachofunguka kwa ukucha, kirudishe kilikotoka.

SEHEMU YA 5: KEREM, KERAM, KARAM, IITENI MTAKAVYO

Nilimwambia kaka asilete. Si kwa ubaya wa mashine, bali nyumbani kwangu kuna mtoto wa miaka miwili, na masuala mawili ya fundi hayakupata jibu. Mwanangu wa kiume alinuna siku tatu. Mume wangu ndiye aliyesema: "Basi tuwachongeshee keram."

Ubao wa keram tunaujua sote kwa kuupita. Uko barazani, wanaume wamezunguka, poda imetanda, mtu anapuliza vidole. Asili yake ni Bara Hindi, ukaletwa na jahazi za biashara au na watu waliohamia, na hapa umekuwa wetu. Lakini niulizeni mara ngapi nimewahi kukaa kuucheza. Baraza ile si ya mwanamke kukaa, wala ya msichana. Nimepita na mkoba wangu wa kazi miaka yote, nikisikia "tak!" na vicheko, nikaenda zangu.

Fundi seremala alitaka elfu tisini, ubao na kete zake. Tukauweka ukumbini juu ya stuli. Wiki ya kwanza vurugu tupu: kete zinaruka, mdogo anakalia ubao, wakubwa wanagombana nani kagusa. Sitawadanganya kuwa amani ilishuka. Wiki ya pili binti yangu wa miaka kumi na moja alianza kupiga kwa ukuta, ile ya kurudisha. Hakuna aliyemfundisha. Mwezi haukwisha akamfunga babake. Akamfunga na ami yake, mtu wa barazani miaka ishirini, aliyekuja kwa kiburi na kuondoka akisema ubao haujanyooka. Mavyaa wangu, ambaye magoti yamemzuia kushuka ngazi, siku hizi anavutiwa kiti baada ya Magharibi. Anatetemeka mkono, lakini akiipata ile nyekundu husikii neno jengine mpaka asubuhi.

Na mume wangu? Baraza hajaiacha, wala sikumtaka aiache, kule ndiko anakopata habari na kazi. Ila siku tatu nne kwa wiki anacheza mchezo mmoja kwanza na watoto, kisha ndiyo anatoka. Zamani alikuwa anavaa kofia huku anameza tonge la mwisho.

Lakini msinielewe vibaya, keram nayo ina kete. Upana wake ni kama sentimita tatu, na mtoto mdogo anaweza kukabwa nazo vile vile. Kwetu kuna sharti: kete 9 nyeupe, 9 nyeusi, nyekundu moja, na moja kubwa ya kupigia. Jumla 20. Hazijatimia 20 ndani ya mfuko, hakuna anayelala, tunatafuta chini ya mkeka mpaka ipatikane. Mwanangu wa miaka minane ndiye mhasibu, na kazi hiyo anaipenda kuliko mchezo wenyewe. Nakushaurini sharti hilo hilo kwa gololi za pinboli: zijue idadi, zihesabiwe kila usiku.

SEHEMU YA 6: SASA NIMJIBU DADA

Dada yangu, ulininongoneza mwisho wa ujumbe wako jambo ambalo sitaliweka lote hapa. Nitasema lile tu uliloniruhusu: kuwa mtoto wako wa pili hamkumbuki sana babake, na baba analijua hilo, na kila akija anakuja na kitu kikubwa zaidi kuliko cha mwaka uliopita.

Nimefanya kazi na familia nyingi za hapa zenye baba au mama Uarabuni. Masanduku yanakuja makubwa. Sijapata kumlaumu mtu kwa hilo, maana yule aliyeko kule anafikiria atumie nini mikono yake imfikie mtoto. Mashine yenye taa inaonekana kama jibu. Mtoto atapiga kelele siku ya Idi, picha zitapigwa, baba ataona furaha kwa macho yake. Hilo si dogo, usimnyang'anye.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kama huna mtoto wa chini ya miaka mitatu nyumbani, kama kifuniko cha betri kina skrubu, na kama bei yake haitagusa ada wala chakula, mwache ailete. Lakini mwambie asiikabidhi na kwenda kupumzika. Ana mwezi mmoja. Kila usiku acheze na yule wa pili, zamu kwa zamu, wao wawili, na alama waandike kwenye daftari kwa mkono wa mtoto. Akirudi Muscat, mtoto amsomee alama zake kwa simu, na baba naye aulize: "Jana umefikisha ngapi?" Hapo mashine itakuwa na kazi hata springi ikikatika mwezi wa tatu, maana daftari halina springi.

Kama una mtoto mdogo, au hela ni ya kubanabana, mwambie alete mablangeti yake, na elfu tisini mpeleke kwa fundi seremala, aende yeye mwenyewe na watoto wakachague mbao.

Kuna mama atasema: "Nesi, wangu ana miaka kumi na tano, keram haitamtoa kwenye gemu." Pengine kweli. Kijana wa umri huo anafuata wenzake zaidi kuliko mchezo. Jaribu kuwaita wenzake nyumbani, wape maji ya ukwaju, vumilia kelele. Ikishindikana, angalau ujue kibanda ni cha nani, na mpe hela ya skuli ya siku moja moja badala ya wiki nzima.

Wengi mmeniomba vipimo vya kumpelekea fundi. Ubao wa ndani wa kuchezea uwe mraba wa sentimita 74 kwa 74, laini kama kioo, usiwe na bonde. Mashimo manne ya pembeni, upana sentimita 4.4 kila moja. Kingo za mbao ngumu, kwa sababu ndizo zinazorudisha kete. Fundi akisema plaiwudi nyembamba inatosha, mkatalie, hapa kwetu unyevu utaipinda kabla ya masika kwisha. Na muulizeni mapema kama kete zimo ndani ya bei.

Sehemu ijayo inshaallah tutarudi kwenye mambo ya meno ya utotoni, maana nimeona picha mlizonitumia. Aliyewahi kuwa na pinboli ya mezani nyumbani aniandikie hapa chini: ilidumu miezi mingapi, na nani aliyekuwa akiicheza zaidi, watoto au baba yao?